Slaidi za maji Kunduchi na watoto wa Dodoma: twende mwezi gani?

*"Habari za kazi. Tunaishi Ilazo, Dodoma. Nina watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 5, na mwaka mzima nimewaahidi kuwapeleka Dar es Salaam wakacheze kwenye slaidi za maji kule Wet 'n' Wild, Kunduchi. Baba yao anasema twende wiki ya Krismasi kwa sababu kuna joto na yeye atakuwa likizo. Shoga yangu anasema Juni shule zikifungwa, mvua hakuna. Mwenzangu kazini anasema Aprili, watu wachache na vyumba bei rahisi. Kinachonitia hofu ni huyu wa kati, ana sikoseli. Hajalazwa tangu mwaka jana, lakini Julai upepo wa hapa Dodoma ukimpiga tu analalamika miguu. Naogopa kumnyima, na naogopa kumuumiza. Wakati gani ni mzuri?"*

Dada, umeuliza kuhusu mwezi, lakini ndani ya swali lako kuna jambo zito zaidi: mtoto huyu anaweza kucheza na maji kama wenzake bila kurudi nyumbani akilia kwa maumivu? Kwa watoto wengi wenye sikoseli inawezekana, ila siku na saa mtakazochagua zina uzito kuliko joto la mwezi. Ningechagua mapumziko mafupi ya shule ya Septemba, siku ya katikati ya wiki. Hayo yakishindikana, nendeni Desemba baada ya sikukuu ya Uhuru na kabla ya tarehe 20. Wiki ya Krismasi, Aprili, Juni na Julai ningeziacha, kila kipindi kwa sababu yake.

Tuanze na kosa linalowapata wengi wanaoishi huku kati, yaani kuipima pwani kwa kalenda ya Dodoma. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570. Pwani ina misimu miwili. Ukanda wa mvua hulifuata jua: ukishuka kusini mwishoni mwa mwaka unaleta vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na ukirudi kaskazini unaleta masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hiyo Aprili, wakati Dodoma mvua inaaga na watu wanajiandaa kuvuna, Dar es Salaam ndiyo inalowa kuliko mwezi mwingine wowote. Mwezi huo peke yake unaweza kumwaga zaidi ya milimita 200.

Mwenzako wa kazini hakukosea, Aprili watu ni wachache na bei zinashuka, lakini zinashuka kwa sababu hiyohiyo ya mvua. Radi ikianza kunguruma, waogeleaji wote wanatakiwa kutoka majini na kusubiri hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, mnaanza kuhesabu upya. Mnaweza kulipa kiingilio cha watu watano mkashinda chini ya paa. Tena barabara za Dar zikijaa maji, safari fupi inakula saa mbili.

Juni na Julai ni habari nyingine, na hapa shoga yako yuko sahihi nusu. Mvua kweli ni chache. Joto la mchana Dar hufika nyuzi 28 au 29, na usiku hushuka hadi karibu 19. Ukilinganisha na Dodoma, ambako alfajiri ya Julai inaweza kuwa nyuzi 13, utaona hakuna baridi. Shida ni upepo wa kusi, ambao miezi hiyo una nguvu, hasa mchana. Maji yanapokauka juu ya ngozi huchukua joto la mwili, na upepo huharakisha kukauka huko. Ndiyo maana mtu aliyelowa anatetemeka mahali ambapo mkavu anajipepea. Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo huku eneo la ngozi yake, ukilinganisha na uzito wake, ni kubwa.

Kwa mtoto wako huyo wa miaka 9 jambo hili si la kutetemeka tu. Baridi ikipiga ngozi, mishipa midogo ya damu husinyaa na damu hupita polepole. Chembe nyekundu za mwenye sikoseli zikikawia kwenye mishipa hiyo baada ya kuachia oksijeni, hujikunja zikawa kama mundu, ngumu, zikashikana na kuziba njia. Sehemu iliyonyimwa damu ndiyo inayouma, mara nyingi mikono, miguu, mgongo au kifua. Malalamiko yake ya miguu upepo unapompiga yanalingana kabisa na hali hiyo, na umefanya vizuri kuyaona. Kuna kitu cha pili ambacho wazazi wengi hawakijui: figo za mwenye sikoseli hazina uwezo mzuri wa kubana maji, kwa hiyo anakojoa sana na anakaukiwa haraka. Akiwa bwawani haoni jasho lake na hasikii kiu, na upungufu wa maji mwilini nao unachochea chembe kujikunja. Jua kali bila kunywa litamwangusha sawa na baridi.

Sasa twende kwenye Krismasi, kwa sababu naona ndiyo inayogombaniwa nyumbani. Joto lipo kweli, nyuzi 31 hivi, na maji ni ya uvuguvugu. Tatizo ni foleni. Kwenye slaidi ndefu, mhudumu aliye juu haachii mtu mpaka aliyetangulia atoke kwenye bwawa la chini, la sivyo wagongane vichwa. Tuseme kila mtu anachukua sekunde 40. Hiyo ni watu 90 kwa saa, hata kama uwanja umejaa wahudumu. Ukikuta watu 60 mbele yako, utasimama dakika 40 kwa ajili ya mteremko usiofika nusu dakika. Ukikuta kumi, hazifiki dakika saba. Kwa saa tano mtakazokaa pale, siku ya foleni ya watu 60 mtoto atateleza mara saba kama hakula wala hakwenda chooni. Siku ya foleni ya watu kumi atateleza mpaka achoke mwenyewe.

Na tazama mtoto anasimama wapi hizo dakika 40. Yuko juu ya ngazi, amelowa chapachapa, nguo imemgandia mgongoni, hana taulo, na ngazi zile ziko juu ambako upepo hauna kizuizi. Midomo inaanza kubadilika rangi, mikono ameikumbatia kifuani. Hapo ndipo maumivu huanzia, maana akiwa ndani ya maji yenye joto huku anachezacheza hana shida kubwa. Kwa mtoto wako foleni ni hatari kuliko maji yenyewe, na ndiyo sababu nakwambia idadi ya watu siku hiyo ina maana kuliko kipimajoto.

Umati unaharibu maji pia. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kuwa kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho, kukohoza watoto na kutoa ile harufu kali. Wengi huisikia harufu ile wakasema maji ni safi sana, kumbe inaonyesha kuwa klorini imetumika na uchafu bado unaingia. Bwawa zuri halinuki sana, na ukisimama ukingoni unaona mistari ya sakafu ya kina kirefu. Usipoiona, watoto wasiingie, iwe mwezi wowote. Mtu akizama kwenye maji yenye ukungu mwokoaji hamwoni.

Septemba naipenda kwa sababu mambo haya yanakutana vizuri. Kusi imeanza kulegea; wapwani huyaita majira hayo demani. Mvua za vuli bado. Mchana ni nyuzi 30 hivi na hewa ina unyevu, kwa hiyo ngozi haikauki kwa ghafla kama ilivyo kwenye upepo mkavu wa Dodoma. Shule zina mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa pili, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa yakiangukia mwezi huo. Tarehe kamili iangalie kwenye kalenda ya shule yenu, kwani shule binafsi zina mpangilio wao. Familia nyingi hazisafiri wakati huo, zinasubiri Desemba. Kama huyo wa miaka 13 hayuko darasa la saba, mtihani wa taifa wa Septemba haukuhusu.

Lakini nisikupambie. Siku ambazo watu ni wachache, viwanja vingi hufungua baadhi ya slaidi tu au kuzifunga kwa zamu ili zifanyiwe matengenezo. Tena kipindi hicho ndicho shule huleta mabasi ya ziara, na mabasi matatu ya wanafunzi yanaweza kuigeuza Jumatano ikawa kama Jumapili. Piga simu siku mbili kabla ukaulize: kesho kutwa mmefungua? Slaidi zipi zinafanya kazi? Kuna shule au sherehe iliyoweka nafasi? Siku hiyo haijatengwa kwa wanawake pekee? Hilo la mwisho litawaokoa kumwacha baba yao getini.

Kama baba hawezi kupata likizo ila Desemba, basi msingoje wiki ya Krismasi. Shule hufungwa mwanzoni mwa mwezi, na kati ya tarehe 10 na 19 wazazi wengi bado wako kazini. Kipindi hicho bado kina vuli, kwa hiyo tengeni siku mbili Dar badala ya moja, ili mvua ikiharibu ya kwanza mbaki na ya pili. Kuanzia tarehe 24 Desemba hadi 2 Januari kaeni mbali. Vivyo hivyo siku za Idd, ambazo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo msizikariri kwa mwezi. Angalieni pia Sabasaba, 7 Julai: maonyesho ya biashara yanajaza jiji, na chumba cha bei ya kawaida kinakuwa cha kutafuta. Nje ya sikukuu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku zenye nafasi. Tofauti kati ya Jumapili na Jumatano ya wiki moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya miezi miwili.

Kuhusu safari, msifanye kwenda na kucheza siku moja. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, inachukua saa tatu na nusu hadi nne, lakini kutoka stesheni ya katikati ya jiji hadi Kunduchi ni zaidi ya kilomita 20 za Barabara ya Bagamoyo, na foleni ya magari ikikaza ni saa nyingine na nusu. Mtoto atafika amechoka, na uchovu nao ni kichocheo cha maumivu. Fikeni jana yake, laleni Mbezi Beach au karibu na Mtongani, ndani ya chandarua, kisha muwe getini uwanja unapofunguliwa. Mkienda kwa basi, mkishuka Mbezi Luis mnaweza kupita Goba mkatokea Tangi Bovu bila kuingia mjini. Tiketi za kwenda na kurudi kateni pamoja. Katikati ya Desemba umati unatoka Dar kwenda mikoani, kwa hiyo kwenda mtapata nafasi kirahisi, kurudi Dodoma ndipo mtakwama.

Saa moja na nusu ya kwanza baada ya kufunguliwa ni dhahabu kwa slaidi ndefu. Mtoto wa miaka 13 atangulie huko na mzazi mmoja. Kuleni saa tano na nusu, kabla ya wengine. Wenzenu wakikaa kwenye chipsi saa saba, foleni zinafupika, mrudi tena. Saa tisa fungasheni, kabla ya upepo wa alasiri na kabla ya magari ya jioni.

Kwa wa kati, fanya hivi. Asubuhi akiwa bado chumbani anywe maji, na siku nzima umpe glasi kila nusu saa hivi bila kusubiri aombe. Avae fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inayobana, isiyoshika maji kama pamba. Aingie majini taratibu, miguu kwanza, asirukie. Ajaribu bwawa kwa dakika chache. Akisema maji ni ya baridi, mwamini, hata kama wenzake wanacheka na kuruka. Kila dakika 15 au 20 atoke, umkaushe vizuri kuanzia kichwani, umfunge kanga kavu au taulo, akae mahali pasipo upepo mpaka apate joto. Beba taulo mbili zake peke yake, maana moja ikishalowa haina kazi. Slaidi ateleze pale tu foleni inapokuwa fupi, yaani watu kumi au chini ya hapo. Mweleze mwokoaji wa zamu hali yake mnapofika. Sentensi moja inatosha.

Wa miaka 5 mpime urefu nyumbani, ukutani, kabla hujamwahidi chochote. Slaidi kubwa kwa kawaida zina kipimo cha urefu, mara nyingi karibu sentimita 120, na wa umri huo wengi hawafiki. Akijua mapema kwamba kwake ni bwawa la watoto, halii getini. Awe umbali wa mkono wako muda wote, hata kwenye maji ya magotini. Boya la kupuliza halizuii mtoto kuzama, linateleza tu likamwacha.

Kabla ya kukata tiketi, kuna jambo ambalo mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi. Mpeleke mtoto kliniki yake ya sikoseli, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au popote anapohudhuria, angalau wiki tatu kabla, umwambie daktari waziwazi kwamba unataka kumpeleka kwenye slaidi za maji. Daktari apapase tumbo. Bandama ikiwa imevimba, kugongwa tumboni kunaweza kuipasua, na hapo slaidi hazifai kabisa, bwawa tulivu labda. Uliza wingi wa damu yake ukoje, dawa ya maumivu apewe kiasi gani kwa uzito wake, na kinga ya malaria kwa siku za pwani. Kama anatumia dawa za haidroksiurea na foliki asidi, zisikatike hata siku moja kwa sababu ya safari. Beba kadi yake ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye begi linalokaa mbali nawe.

Daktari akiridhia, mjaribu kwanza hapahapa Dodoma. Mpeleke kwenye bwawa la hoteli saa saba mchana, siku isiyo na upepo, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kwa nusu saa tu na utaratibu uleule wa taulo na maji ya kunywa. Mwangalie siku hiyo na kesho yake. Akiamka bila maumivu, una jambo la kumwambia baba yao. Akiamka analalamika miguu, rudi kliniki kabla ya kulipia chumba, na hao wengine wawili wanaweza kwenda na baba wakati wewe na yeye mnapanga safari ya ufukweni bila kulowa.

Mkiwa Dar, akipata maumivu, atoke majini mara moja, akaushwe, apewe dawa na maji, apumzike mahali penye joto. Yasipopungua ndani ya saa moja, msisubiri kufika Dodoma, nendeni hospitali: Mwananyamala iko kwenye njia ya kurudi mjini, na Muhimbili ina wataalamu wa ugonjwa huu. Usingoje hata hiyo saa moja ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, tumbo kuvimba ghafla na mtoto kupauka, au udhaifu wa upande mmoja, maneno kukwama, kichwa kuuma vibaya. Kama ni mvulana, uume kusimama kwa maumivu bila kulala nako ni dharura, na watoto huona aibu kusema, kwa hiyo mwambie kabla ya safari kwamba hilo likitokea akuite.